Mimi Sijawahi Kupanda Ndege, Nekesa

Nekesa mwanangu,

Sasa hivi uko Umoja unasukwa, na wale wasusi wako nawajua: mtu huketi asubuhi akainuka jioni shingo imekauka. Kwa hivyo mchana huu wote ni wangu. Nimefunga mlango, nimeosha mikono kwa ndimu mara tatu ili karatasi isinuke mbuzi, na nimekalia kiti chako kwa sababu changu kimejaa fulana.

Acha nianze na hizo fulana. Ni za manjano, uso wako umechapwa kifuani, na mgongoni zimeandikwa "Timu Nekesa." Senje Rosa, dada ya marehemu baba yako, ndiye aliyezipeleka kuchapishwa. Amekodi basi pia la kukusindikiza kesho mpaka uwanja wa ndege, uende kwenye hiyo kazi yako ya hoteli ng'ambo, amemwita mchungaji, amemtafuta kijana wa kushika maikrofoni, na ameoka keki. Asubuhi hii nilipita kwake nikaiona. Ina umbo la ndege, mabawa yake ni ya sukari, na kwenye dirisha la kwanza wamekuchonga kichwa chako kidogo cha rangi ya kahawia kinachocheka meno yote nje.

Mwanangu, unajua kazi yangu. Huu ni mwaka wa kumi na nne naosha matumbo ya mbuzi machinjioni Kiamaiko. Mikono yangu imeingia mahali ambapo watu wa suti hawawezi hata kupatazama, na bado chakula changu cha mchana nakilia papo hapo, kando ya karai. Mimi si mtu wa kinyaa. Lakini ile keki ilinifanya nitoke nje nikateme mate.

Usidhani nakuonea wivu, wala sina ugomvi na Senje kwa kupenda sherehe. Kilichonichefua ni kwamba juzi nilikusikia ukizungumza kwa simu na rafiki yako. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na beseni langu, nawe hukujua.

"Zii, mi siwezi rudi kabla miaka mbili iishe," ulimwambia. "Hata hiyo hoteli ikuwe mbaya aje. Hata wakinitesa. Watu wamechapa t-shirt, maze. Nitarudi niwaambie nini?"

Kisha ukacheka. Mimi sikucheka. Nililiweka beseni chini polepole, usinisikie.

Niseme jambo lenyewe mara moja kabla woga haujanirudia. Mimi sijawahi kupanda ndege. Si Dubai, si Mombasa, si popote. Wiki nzima hii umekuwa ukiniuliza, "Mum, masikio huziba kweli? Mum, ikipaa tumbo hushuka?" nami nimekuwa nikikujibu kwa madaha, naonyesha hata kwa mikono. Nimekuambia habari za mawingu yanavyofanana na pamba, na za chakula kinacholetwa kwenye sinia ndogo. Yote hayo niliyaokota kwa midomo ya watu. Kwa hivyo mambo ya mkanda wa kiti na chingamu muulize mhudumu huko huko ndani. Atakuambia ukweli kwa dakika moja, jambo ambalo mama yako ameshindwa kulifanya kwa miaka kumi na saba.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nikapata nafasi ya kazi ya nyumbani Dubai kupitia kwa wakala mmoja aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja na kalenda tatu ukutani. Enzi hizo hakukuwa na fulana. Tulishona vitenge, wanawake wote sare moja. Mbuzi alichinjwa. Mchungaji aliliombea sanduku langu, akaliwekea mikono juu utadhani ni mgonjwa. Tukatoka Kayole tukiimba, na majirani wakatoka kwenye balkoni kutupungia, na mimi, nisikufiche, nilijiona mtu. Nilimtazama yule jirani aliyekuwa akinisema vibaya, nikainua kidevu.

Mlangoni pale uwanja wa ndege huingia msafiri peke yake. Nyinyi mkabaki nje, mimi nikaingia na sanduku langu. Nilipofika dirishani, msichana aliyevaa skafu akafungua pasipoti yangu, akaigeuza, akaifungua tena.

"Hii imebakisha miezi minne," akasema. "Kule wanataka isipungue sita."

"Wakala wangu alisema itapita."

"Basi alikudanganya, mama. Pole. Anayefuata."

Kosa lote lilikuwa hilo. Ile pasipoti niliichukua miaka mingi nyuma, wakati wa safari nyingine iliyokufa, nikaihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai nikidhani karatasi haizeeki. Sikuitazama tarehe. Ningetoka tu nje nikasema, "Jamani, nimerudishwa," Senje angepiga nduru, mchungaji angekohoa, watu wangenung'unika njia nzima mpaka Kayole, na jirani angenicheka wiki mbili. Halafu ningechukua pasipoti mpya na maisha yangeendelea. Niliuona mlango, Nekesa. Nilikuwa nawasikia mkiimba. Nikafikiria yule mbuzi na vile vitenge na kile kidevu nilichokiinua, miguu ikakataa.

Nikakaa kwenye benchi mpaka saa ya ndege ikapita. Siku chache baadaye Senje alinisimulia kwa simu, kwa furaha, jinsi mlivyosimama kando ya barabara mkaona ndege ikipaa juu yenu, na wewe ukapunga mkono na kuita mama mpaka sauti ikakauka. Alinisimulia mimi, nikamshukuru.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli: ilitoka uwanja wa ndege ikaishia Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda humu humu mjini. Nilipanda bodaboda, sanduku mapajani, nikaenda kwa Halima. Huenda humkumbuki. Tuliwahi kupanga naye ploti moja kabla hajahamia huko kuuza chai na mahamri kwa vibarua wa viwandani. Alifungua mlango akanitazama mimi na kitenge changu cha sherehe.

"Wewe si ni wa kuruka leo?"

Nikamweleza. Hakunicheka. Alinimiminia chai, akasema, "Lala. Kesho urudi kwako, mtoto asikae na uongo."

Hiyo kesho ilikuwa miezi minne. Kila asubuhi nilisimama langoni pa kiwanda cha ndoo za plastiki pamoja na vibarua wengine, nikiomba nisiitwe na mtu anayenijua. Jumapili nilikupigia simu. Nilificha namba, na kwa kuwa pale nyumba ni mabati na kelele za jirani zinaingia zote, mahali pa kimya palikuwa chooni tu, choo cha ploti. Cha shimo, cha watu wa vyumba kumi na vinane. Ndani ya kile choo, mkono mmoja puani, ndimo nilimokuambia habari za mawingu. Siku moja ukaniuliza, "Mum, Dubai kunanukaje?" Nikakujibu kunanukia udi. Funza walikuwa wanapanda kwenye kiatu changu.

Lakini hilo la choo ni dogo. Kubwa linafuata, na ukitaka kuiweka barua chini upumue kwanza, fanya hivyo.

Mwezi wangu wa tatu huko, ulishikwa na nimonia ukalazwa. Nilizipata habari kwa simu, kwa Senje, nikiwa chooni mle mle. "Usijali, Mama Nekesa," akaniambia, "wewe fanya kazi, sisi tuko na mtoto." Hospitali yenyewe ningeifikia kwa miguu. Nikamwomba Halima aniazime buibui na nikabu. Alielewa nilichotaka kufanya, uso ukambadilika.

"Hii ni nguo ya stara," akasema. "Haikushonwa ya kufichia uongo. Nakupa kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yako."

Nilifika saa ya kuona wagonjwa. Ulikuwa kitanda cha tatu kutoka dirishani, umekonda, mbavu zinahesabika, na Senje ameketi kando na chupa ya uji. Nilisimama miguuni pako, nimeshika chuma cha kitanda. Sijui nilidhani nitafanya nini. Ulifungua macho ukanitazama muda mrefu, ukaniuliza kwa heshima, vile nilivyokufunza:

"Aunty, umekuja kuona mtoto gani?"

"Sina mtoto hapa," nikakujibu. "Nimepotea wodi."

"Mum yangu ako Dubai," ukaniambia. "Alienda na ndege."

Ulisema hivyo kwa fahari, Nekesa, kifua kinakoroma. Nikatoka nje nikatapika kwenye ukuta wa hospitali, nimevaa nikabu ya watu. Nimeshika vitu vingi vichafu maishani. Hakuna kilichonitia kinyaa kama mdomo wangu mwenyewe siku ile.

Ungedhani ndiyo siku niliyorudi nyumbani. Sikurudi. Hilo ndilo nataka ulishike kuliko yote, kwa sababu watu hudhani mambo yakiwa mabaya kabisa miguu itajiondokea yenyewe. Haijiondokei. Kadiri nilivyozidi kufanya jambo la aibu ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kutoka, kwani sasa kulikuwa na mengi zaidi ya kueleza. Nilikaa wiki tano zaidi, na ulipona bila mimi.

Mwishowe nilirudi na uongo mwingine. Nilinunua Eastleigh manukato, tende na yule mwanasesere wako aliyekuwa akifumba macho. Nikalizungushia sanduku karatasi ya nailoni kama wafanyavyo wasafiri, nikasema mwajiri alikuwa mkatili nimetoroka. Nikaingia ploti saa tano usiku ili nisiulizwe mengi. Kesho yake mtaa mzima ulinionea huruma. Kanisani nikaombwa nitoe ushuhuda, nikautoa. Nilisimama mbele nikaeleza Mungu alivyonivusha jangwani, watu wakalia, mchungaji akalia. Mimi pia nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana mpaka leo siwaamini sana watu wanaolia mbele za watu.

Baada ya hapo wasichana waliokuwa wakienda nje waliletwa kwangu niwape mawaidha. Niliwapa. Mama aliyerudishwa na tarehe aliwafundisha wenzake kusafiri. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa kwanza, ndipo nikaficha, na niliyemzaa ndiye aliyelipia.

Mtu akikaa na matumbo miaka kumi na minne hujifunza jambo moja. Ukiyaosha yangali moto, uchafu hutoka kwa maji matupu. Ukiyaacha yalale, hata uyasugue kwa chumvi, ndimu na majivu, harufu haiondoki, itakufuata hadi kwenye sahani. Aibu yangu niliilaza. Ingekuwa kazi ya wiki mbili, nikaigeuza ya miaka kumi na saba, na sasa nimekusikia wewe nyuma ya pazia ukipanga kuilaza yako hata kabla hujaipata.

Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya kutema mate, nilirudi ndani kwa Senje Rosa. Alikuwa akilainisha bawa la keki kwa kisu.

"Wifi," nikamwambia, "mimi sikuenda Dubai."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali. Mtu amepotea wodi hashiki chuma ya kitanda hivyo. Halafu hiyo miguu yako, ilikuwa inatokea chini ya buibui. Mimi nimeosha miguu na wewe kwa beseni moja, naweza kosa kuijua?"

Niliketi kwenye ndoo kwa kukosa kiti. "Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Mama Nekesa? Mbuzi nilikuwa nimekula. Nimeimba mpaka sauti ikaisha. Niambie watu aje, ati tulisindikiza mtu Mukuru?"

"Mtoto alikuwa akiniita usiku?"

"Kila usiku."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe pia," akasema, akaendelea na bawa lake.

Nilimwangalia yule mama mwema, maana Senje ni mwema, alikulea vizuri miezi ile kuliko mimi, nikatuonea kinyaa sote wawili. Watu wazima wawili walimwacha mtoto alie usiku baada ya usiku, mmoja kwa sababu aliimbiwa, mwingine kwa sababu aliimba. Nikamwomba avunje mpango wa basi. Akakataa. Akasema watu wameshaomba ruhusa kazini, na kwamba msafiri asiyesindikizwa huonekana hana kwao. Pengine hapo ana haki. Basi litakuja.

Na kwa kuwa litakuja, nimeamua hivi. Kesho mkishaingia wote na fulana zenu, kabla mchungaji hajafumba macho, nitasimama pale mbele karibu na dereva niwaambie. Pasipoti, Mukuru, nikabu, ule ushuhuda, yote. Nakuandikia leo ili usiyasikie kwa mara ya kwanza ukiwa katikati ya watu. Ukinikasirikia, nikasirikie leo jioni ukirudi na kichwa kinachouma, nitakuwa hapa mezani. Ukitaka kunipiga maswali, piga. Ukinyamaza pia nitaelewa, lakini usininyamazie miaka.

Najua watanicheka. Kina mama wa kanisa hawataamini masikio yao, na yule kijana wa maikrofoni huenda akatafuta la kuniongezea. Sawa. Naogopa hata sasa ninapoandika. Lakini nimelipima jambo hili, nikaona wakishanicheka mimi mpaka washibe, hawatabaki na kicheko kipya cha kukuwekea wewe. Msichana atakayerudi baada ya wiki moja kwa sababu kazi ni mbaya atakuwa na afadhali kuliko mama yake, na kila mtu ndani ya basi lile atalijua hilo.

Sikuombi urudi. Nataka uende, ufanye kazi ya hoteli, ujue mji wa watu, ule vyakula vyao, na huenda ikawa kazi nzuri na mwajiri muungwana na usihitaji neno hata moja la barua hii. Nafurahi unaenda. Lakini wakikuchukulia simu, wakikulaza njaa, mtu akikuwekea mkono usioutaka, au ikiwa ni upweke tu umekushinda bila sababu ya kumwambia mtu, usianze kutafuta uongo wa kunitumia siku ya Jumapili. Niambie, "Mum, nimeshindwa." Maneno mawili hayo tu. Sitakuuliza fulana zifanyweje.

Na siku hiyo usije usiku kama mimi, ukinyata kwenye ngazi. Rudi mchana kweupe, watu wakiwa wameketi nje. Ingia kwa lango kubwa, pita mbele ya duka, pita mbele ya kina mama wanaochambua mboga, na usiharakishe. Mimi nitakuwa nimetangulia na sanduku lako kichwani, na atakayeuliza kulikoni, nitamjibu mimi: mtoto wangu amerudi kwao.

Mama yako